Mashua ya mfano ya kwanza: mkuku umepinda na mbao za omo zinapandana. Nivunje?

Chipukizi_Langoni

Assalamu alaikum mafundi. Niko Lamu, naunda mashua ya mfano kwa mara ya kwanza, urefu sentimita 45. Nimekata mataruma (mbavu za chombo) 7 ya plaiwudi ya milimita 4, nikayasimamisha juu ya mkuku (ule mti wa chini kabisa wa chombo), nikaanza kupiga mbao za mwembe, upana milimita 8, unene milimita 2. Nimefika ubao wa sita wa upande wa kulia na nikichungulia kutoka tezi, yaani nyuma, naona mkuku umepinda. Halafu kwenye omo, yaani mbele, mbao zinapandana, hazitaki kulala. Mchoro sina, nimefuata picha ya kwenye simu. Nivunje? Na mwembe unafaa? Nia yangu ikae kabatini, lakini siku mojamoja niishushe majini.

Tezi_na_Omo

Waalaikum salaam ndugu yangu. Vunja, ila usitupe kitu. Kama ni gundi nyeupe ya mbao, funga kitambaa cha maji ya moto kwenye maungo kama dakika kumi, itaregea. Ingiza kisu chembamba, bandua taratibu.

Mkuku umepinda kwa kuwa umepiga upande mmoja tu. Ubao uliokunjwa hutaka kurudi kunyooka, na mbao sita zikivuta pamoja, mkuku mwembamba hauna ubavu wa kuzizuia. Piga wa kulia, kisha mwenziwe wa kushoto, jozi kwa jozi. Na mkuku wenyewe uubane kwanza: chukua ubao mnene ulionyooka, pigilia vipande viwili sambamba vyenye nafasi ya unene wa mkuku, uchomeke katikati. Usiutoe hapo mpaka jozi ya tano ikauke.

Hili la omo ni hesabu. Chukua ukanda wa karatasi, uzungushe juu ya taruma la katikati kutoka mkuku hadi ukingo wa juu, upime. Tuseme umepata milimita 120. Kwa mbao za milimita 8, hizo ni mbao 15 kila upande. Sasa zungusha ukanda uleule kwenye taruma la kwanza la omo. Ukipata milimita 84, gawa kwa 15: kila ubao uwe milimita 5.6 pale mbele. Nyuma ukipata 105, uwe 7. Wewe umepeleka 8 mpaka mwisho, zitakosaje kupandana? Tia alama ya penseli kwenye kila taruma, punguza ubao kwa randa ndogo au msasa uliobandikwa kijitini, kisha ujaribu kavu kabla ya gundi. Ikitokea hesabu inakutaka upunguze chini ya nusu ya upana, usifanye hivyo, maana ncha itapasuka. Afadhali ukatishe ubao mmoja kabla ya kufika omo na wa jirani ujaze nafasi yake.

Mataruma 7 pia ni machache kwa urefu huo. Weka 9, na ya karibu na omo yasogeleane, kwa sababu hapo ndipo mkunjo ulipo.

Mpima_Maji

Nyongeza kwa aliyetangulia. Picha ya simu haikupi umbo, inakupa sura tu. Ukiwa Lamu huna sababu ya kukosa vipimo: maji yakipwa mashua zinakaa juu ya mchanga, omba ruhusa kwa mwenyewe, nenda na futi ya mita, timazi (uzi wenye uzito nchani) na mtu wa kukushikia. Vuta uzi mnyoofu kutoka omo hadi tezi juu ya ukingo. Ugawe sehemu nane sawa. Kwenye kila alama teremsha timazi nje ya ubavu, halafu pima umbali wa mlalo kutoka uzi wa timazi hadi ubavuni, kila sentimita 20 kwenda chini. Andika kwenye daftari, usitegemee kichwa.

Mashua ya mita 9 kwa kipimo cha 1:20 inatoa sentimita 45 zako, na upana wa mita 2.7 unakuwa sentimita 13.5. Ukichora taruma, toa milimita 2 kila upande, maana ulichopima ni nje ya mbao na taruma liko ndani. Wengi hulisahau hili, chombo kikatoka kimevimba.

Na omo ya Lamu isimamishe. Vyombo vya huku omo yake imenyooka kwenda juu, hailali mbele kama ya majahazi ya Unguja. Ukiilaza, mtu yeyote wa hapa atakuuliza umeunda chombo cha wapi.

Randa_Kavu

Mimi naona mnampeleka mbali. Kwa chombo cha kwanza angechonga hori (mtumbwi mdogo) kutoka gogo moja laini, ajifunze umbo, ndipo aje kwenye mataruma.

Tezi_na_Omo

Randa, hori atajifunza kushika patasi, lakini hatajifunza kukunja ubao, na ndiko alikokwama. Amekwisha kata mataruma, amalizie. Nisichomshauri ni kuiga mpango wa mafundi wa Matondoni, kijiji cha waunda vyombo hapa Lamu, wa kupiga mbao za chini kwanza na mataruma baadaye. Wao wana jicho na mbao nzito inayojishikilia. Ubao wa milimita 2 bila taruma hauna pa kushika.

Kuhusu mwembe: unachongeka vizuri na bei yake ni ya chini, ila huingia wadudu na kuvu upesi, basi uwe mkavu kabisa. Pitia kwenye karakana za milango na samani uombe vipande vinavyobaki. Msaji ukipata, una mafuta, ufute kwa spiriti kabla ya gundi, la sivyo utabanduka. Mbambakofi acha kwa sasa, ni mgumu na vumbi lake linawasha.

Kukunja: loweka ubao kwenye maji ya moto nusu saa, uzungushie kopo au chupa, ubane kwa vibanio vya nguo, uache ukauke usiku kucha. Gundi asubuhi. Ukigundisha ukiwa mbichi, utasinyaa na kukuachia nyufa kila mahali. Na kabla ya ubao wa kwanza, sugua kingo za mataruma kwa mshazari kuelekea omo na tezi. Ubao ulalie unene wote wa milimita 4. Ukigusa kona tu, gundi haishiki.

Kingo ya kila ubao ipake penseli laini kabla ya kuunganisha. Ukishapiga msasa, namba 120 kisha 240, utaona mstari mwembamba mweusi kati ya mbao, kama kalafati hasa, ile pamba ya kuzibia maungo ya mbao. Supaglu usiisogeze kwenye uso wa nje, huacha doa ambalo vanishi haipiti. Misumari ya chuma ing'oe gundi ikikauka. Hewa ya chumvi itaitia kutu na mbao zitalia machozi ya kahawia.

Farumi

Tanga na majini, hapo ndipo watu huumia. Ukigawa urefu kwa 20, eneo la tanga linagawika kwa 400, lakini uzito wa chombo unagawika kwa 8,000. Upepo unabaki uleule. Ndiyo maana kimashua kilichofuata vipimo vyote kinalala ubavu kwa upepo wa kwanza. Kwa kuelea, punguza tanga hadi kama thuluthi mbili, na utie farumi, yaani uzito wa kukituliza chombo: chubwi za risasi za wavuvi, uzipange juu ya mkuku katikati. Jaribu kwenye karai, ongeza mojamoja mpaka chombo kizame hadi mstari wa maji uliouchora ubavuni, kisha uzigundishe zisicheze.

Gundi nyeupe ya kawaida haivumilii maji. Ndani paka gundi ile ya mirija miwili inayochanganywa, kila kona, mara mbili. Nje vanishi tatu, asubuhi kivulini. Ukipaka kwenye jua la saa nane itatoa mapovu. Chini ya mstari wa maji paka nyeupe isiyong'aa, ifanane na chokaa na shahamu.

Mlingoti uinamie mbele kidogo. Foromali (mti unaoshikilia tanga juu) ikaribie urefu wa chombo, nene katikati na nyembamba nchani. Tanga likate kwenye bafta nyepesi, ulichovye kwenye chai ya rangi likose weupe wa dukani. Henza (kamba ya kupandishia tanga) na demani (kamba ya kulivuta tanga) zisiwe uzi wa cherehani mtupu. Sokota nyuzi tatu.

Chipukizi_Langoni

Shukrani sana wakuu. Nimeanza kubandua, kitambaa cha moto kinafanya kazi. Swali moja: ubao wa kwanza nianzie chini kwenye mkuku au juu ukingoni?

Tezi_na_Omo

Juu. Ule wa ukingo ndio unaoonyesha mkunjo wa chombo kutoka omo hadi tezi. Uweke mzima bila kuupunguza, pande zote mbili, utazame kwa mbali kama unateremka na kupanda bila kigongo. Ukiridhika, ufuate ule wa mkukuni, kisha ugawe nafasi iliyobaki katikati. Hesabu ya ukanda wa karatasi uirudie hapo, sasa kwa mbao 13.