Alien (1979): zimwi lile bado linatishaje, na toleo lipi niwaonyeshe wasioiona?

Bundi_Macho anauliza:

Wakuu, habari za leo. Naipenda sana Alien, ile filamu ya Ridley Scott ambamo zimwi linawawinda wafanyakazi wa chombo cha angani Nostromo, na nataka kuwaonyesha watu ambao hawajawahi kuitazama. Nina maswali matatu.

Kwanza, matoleo ni mawili, la 1979 na la 2003. Lipi linamfaa mtu wa mara ya kwanza? Pili, kwenye televisheni niliyonayo matukio ya gizani yanageuka kijivu, na korido za chombo zinaonekana kama jukwaa la maigizo. Kosa liko wapi? Tatu, na hili ndilo linaloniumiza kichwa: sote tunajua kwamba ndani ya zimwi lile kuna mtu. Filamu nyingi za zamani zenye mtu ndani ya vazi leo hazimtishi yeyote. Hawa walifanyaje? Naomba majibu ya kiufundi, yenye vifaa na sababu.

Wapitaji mjue kwamba mwisho wa filamu utatajwa humu.

Fundi_Seti anajibu:

Mkuu, naanza na la tatu maana ndilo lenye nyama.

Vazi lilibuniwa na H.R. Giger, msanii wa Uswisi. Scott aliuona mchoro wake uitwao Necronom IV, wa mwaka 1976, na umbo la zimwi likatokana na huo: kichwa kirefu kinachonyooka kwenda nyuma, mifupa iliyo nje ya mwili, mirija isiyojulikana kama ni mishipa au ni mabomba. Giger aliufinyanga mwili kwa plastisini, akapachika pingili za uti wa mgongo wa nyoka na mirija ya kupozea injini ya Rolls-Royce. Kwa hiyo unapoliona zimwi limejibanza kati ya mabomba ya chombo, halikufichwa na giza pekee. Limetengenezwa kwa vitu vya jamii ileile ya ukuta lililouegemea.

Halafu angalia uso. Hauna macho. Huo ndio uamuzi mkubwa kuliko yote, kwa maoni yangu. Mtazamaji akikutana na kiumbe chochote hutafuta macho kwanza, na macho ya bandia ndiyo huumbua vazi: hayana unyevu, hayalengi kitu, hayapepesi. Ukiyaondoa, mtazamaji hana pa kushika, na hajui zimwi linamtazama nani. Kinachobaki ni taya, na mitambo ya kuzichezesha, pamoja na ule ulimi wenye meno yake, ilitengenezwa na Carlo Rambaldi. Mate ni jeli ya kulainishia, na zile kano nyembamba za pembeni mwa taya ni kondomu zilizochanwa. Vitu rahisi kabisa, lakini vinang'aa vikipigwa mwanga kutoka pembeni, na kitu kilicholowa huonekana kina uhai.

Aliyevaa ni Bolaji Badejo, Mnaijeria aliyekuwa akisomea usanifu wa michoro London. Alikuwa na urefu wa zaidi ya mita 2 na viungo vyembamba sana. Urefu peke yake usingetosha. Jicho humtambua binadamu kwa uwiano: goti liko wapi, mkono unaishia wapi, bega lina upana gani. Kwa Badejo uwiano huo ulitoka nje ya mazoea, na ukiuongezea kichwa kile, hesabu ya jicho inavurugika. Alifundishwa pia tai chi na uigizaji usio na maneno ili mwendo wake uwe wa polepole. Matukio ya hatari walivaa watu wa sarakasi za filamu, Eddie Powell na Roy Scammell.

Sasa kamera. Zimwi kubwa linaonekana kwa dakika chache tu katika filamu ya dakika 117, na karibu kila mara unapewa kipande: taya, mkono, mkia, ubapa wa kichwa. Tazama kifo cha Brett, fundi wa chombo. Minyororo inaning'inia, maji yanadondoka, paka anatafutwa, na zimwi linaingia kwenye picha taratibu bila kuonyeshwa miguu wala tumbo. Mtazamaji anaunga vipande mwenyewe, na anachokiunga ni kikubwa kuliko vazi.

Ushahidi kwamba mbinu ni hiyo uko mwishoni. Ndani ya chombo kidogo cha kukimbilia, zimwi likiwa limejificha kwenye mitambo, ni tukio bora kabisa. Kichwa kiko mbele yako na hukioni mpaka mkono utoke. Likishatupwa nje na kuning'inia mlangoni, mwili mzima ukionekana, hapo unaona mtu kavaa mpira. Vazi ni lilelile, kilichobadilika ni kiasi ulichoonyeshwa.

Kisu_Butu anajibu:

Fundi kamaliza upande wa zimwi kubwa. Naongeza tukio la kifua, pale kitoto cha zimwi kinapotoka kifuani mwa Kane, mfanyakazi wa chombo anayeigizwa na John Hurt, maana watu husimulia kwamba waigizaji hawakujua kabisa kitakachotokea. Si kweli. Walikuwa wamesoma mswada, wakajua kiumbe kitatoka kifuani mwa Kane. Hawakujua kingetoka na damu nyingi kiasi gani.

Mpangilio ulikuwa hivi. John Hurt alikaa chini ya meza, kichwa na mikono yake vikipita kwenye tundu lililokatwa. Juu ya meza kikafungwa kifua cha bandia, kikavalishwa fulana, kikajazwa damu bandia na viungo halisi vya wanyama kutoka buchani, pamoja na mirija ya kusukumia damu. Chini alikuwepo Roger Dicken, aliyekitengeneza kile kitoto, akikisukuma juu kwa mkono. Kamera ziliwekwa kadhaa, na walioziendesha wakajifunika dhidi ya damu.

Kilichoharibika mwanzo ni fulana. Kitambaa cha pamba kinavutika. Kitoto kikagonga, kitambaa kikavimba, hakikuchanika. Ikabidi fulana ichanjwe kwa wembe ili nyuzi zibaki chache, ndipo kikarudia. Hilo jaribio lililoshindikana limeusaidia mkato, yaani uunganishaji wa picha: unaona kwanza fulana ikituna, damu kidogo, kila mtu anaduwaa, halafu ndipo inapasuka. Mwigizaji Veronica Cartwright alirukiwa na mchirizi wa damu usoni, na ule mshtuko unaouona ni wake mwenyewe.

Kitoto kinapokimbia mezani, kilikuwa kinavutwa kwenye mpasuko uliokatwa kwenye meza. Hapo ndipo tukio linapolegea kidogo: kinateleza kwa kasi moja bila miguu kufanya kazi. Mkato wa mhariri Terry Rawlings unakiondoa haraka kabla jicho halijahoji.

Yai la zimwi nalo ni la kutazama kwa makini. Kinachotikisika ndani kabla halijafunguka ni mikono ya Scott mwenyewe iliyovaa glavu za mpira, na utando wa juu ni utumbo wa ng'ombe. Yule mdudu anayetoka humo na kung'ang'ania uso wa Kane, anapolazwa chali na kupasuliwa na Ash, afisa wa sayansi wa chombo, tumboni mwake kuna chaza, kome na figo ya kondoo. Hakuna rangi ya kiwandani inayoiga vizuri nyama mbichi ikimulikwa taa kali kwa karibu.

Sikio_Pembeni anajibu:

Kuhusu toleo: anza na la 1979, bila kusita. Lile la 2003 lina urefu wa takriban dakika 116, maana Scott aliongeza matukio kisha akapunguza mengine hapa na pale ili mwendo usizidi kuwa mzito. Nyongeza kubwa ni Ripley, shujaa wa filamu, kumkuta nahodha Dallas akiwa bado hai amefungwa kwenye utando, na Brett akigeuka kuwa yai. Kama habari ya namna kiumbe kinavyozaliana, ni ya thamani. Tatizo ni mahali ilipokaa. Wakati ule Ripley anakimbia, saa ya kulipua chombo inahesabu, na ghafla tunasimama kutazama. Pumzi inakatika. Pia unapoteza ule wasiwasi wa kutojua Dallas aliishia wapi kwenye mabomba ya hewa. Mwenye kuijua filamu ataifurahia sana nyongeza. Asiyeijua apewe kwanza ile iliyokazwa.

Sasa televisheni. Filamu ilipigwa kwa fremu 24 kwa sekunde. Televisheni nyingi za sasa hubuni fremu za katikati ili mwendo uonekane laini, na ndiyo maana korido zinakuwa jukwaa: mwendo laini kupita kiasi unafichua kwamba ukuta ni mbao na vazi ni mpira. Ingia kwenye mpangilio wa picha, chagua hali ya sinema, kisha zima kulainisha mwendo. Zima pia kupunguza chembechembe, maana chembe za filamu ni sehemu ya picha. Zikifutwa, ngozi za waigizaji zinakuwa nta na moshi unakuwa mabaka. Zima utofautishaji unaojibadilisha wenyewe. Ukali wa kingo ushushe karibu na sifuri.

Kwa ule ukijivu, tumia mistari myeusi iliyo juu na chini ya picha. Simamisha filamu kwenye tukio la gizani, zima taa zote chumbani, ongeza mwangaza mpaka mistari ianze kuwa kijivu, halafu rudi nyuma hatua mojamoja mpaka iwe nyeusi tena. Ishia hapo. Ukishuka zaidi utapoteza mabomba na minyororo, na zimwi litakuwa limejificha kwenye weusi mtupu, wakati linatakiwa lijifiche mbele ya macho yako. Usikuze picha ili ijaze kioo. Upana wake ni zaidi ya mara mbili ya kimo, ukiikuza unakata pande zote mbili, na filamu hii inaweka watu pembezoni makusudi ili katikati kubaki tundu la giza.

Zima ile hali ya sauti ya usiku. Kazi yake ni kupandisha sauti ndogo na kushusha kubwa, na hapa utulivu ndio unaotisha: mlio wa minyororo, maji, hewa ya mabomba, mashine kwa mbali. Weka maandishi ya chini hata kwa wanaokijua Kiingereza vizuri, kwa sababu wafanyakazi wa Nostromo huongea kwa pamoja, hasa mezani, na ugomvi wa mafundi Parker na Brett kuhusu malipo unapotea kirahisi. Ugomvi ule unakuonyesha mapema kwamba kampuni inawahesabu kama mali.

Jambo la kuwaambia watu wako kabla: dakika 20 za mwisho zina taa kali za kumeta na kuzima. Mwenye kifafa kinachochochewa na mwanga wa aina hiyo asiketi kutazama.

Bundi_Macho anajibu:

Nashukuru sana wakuu, mistari myeusi imetatua ukijivu wote. Nina moja la nyongeza. Kichwa cha Ash, anayegundulika kuwa roboti, kinapowekwa mezani kizungumze, mbona pale ujanja unaonekana waziwazi, wakati mengine yote yamefichwa vizuri hivyo?

Fundi_Seti anajibu:

Umeona sawasawa. Vichwa ni viwili. Kile kinachoinuliwa na kusimamishwa ni cha bandia, kilichomwagwa kutoka uso wa Ian Holm, aliyemwigiza Ash. Lateksi ilinywea ilipokuwa inakauka, kwa hiyo kikatoka kidogo na kisichofanana naye barabara. Kinachozungumza ni Holm mwenyewe, kichwa kimepita kwenye tundu la meza, na shingoni wamezungushia maziwa, tambi, kaviari na gololi za kioo. Mkato ukiruka kutoka kichwa kimoja hadi kingine, ukubwa na ngozi vinabadilika.

Kingine ni mwanga. Pale ni meupe, kamera imetulia, unakitazama kitu kizima cha bandia kwa sekunde kadhaa. Zimwi halikuwahi kuwekwa katika hali hiyo. Hata hivyo tukio limesimama, kwa sababu Holm anayasema maneno yake kwa utulivu, huku maziwa yakimtoka mdomoni, akiwaambia watu watatu waliobaki kwamba hawana nafasi ya kupona.

Ukitaka kuona udanganyifu wa ukubwa uliofanikiwa kabisa, rudi kwa yule jitu rubani aliyegeuka mawe ndani ya chombo kilichotelekezwa, ambacho wafanyakazi wanakikuta mapema kwenye filamu. Seti ilikuwa na kimo cha mita 8 hivi, na Scott akaona haitoshi. Kwenye picha za mbali walioingia ndani ya mavazi ya angani ni watoto: wawili wa Scott na mmoja wa mpigapicha Derek Vanlint. Mavazi yalishonwa upya kwa vipimo vyao, na seti ikakua papo hapo bila kuongezwa hata ubao mmoja. Mavazi yale yalikuwa mazito na hayapitishi hewa. Watu wazima walikuwa wakizimia ndani yake kwa joto, na watoto walipozimia pia ndipo yakarekebishwa. Ukirudia tukio hilo tazama hatua zao wanapomkaribia rubani: ni fupi na za harakaharaka kuliko za Dallas na Kane kwenye picha za karibu.