Kifaa gani cha nyumbani ambacho huwezi tena kuishi bila hicho? Tupeane uzoefu

Habari zenu wakuu. Naomba tupeane uzoefu wa vile vifaa vya nyumbani ambavyo ukishavizoea, ukiambiwa urudi kwenye maisha ya zamani unaona kabisa haiwezekani. Simu tuiweke pembeni, hiyo kila mtu anayo. Nataka vya jikoni, vya maji, vya kufulia, vya kulalia. Sema uko wapi, kimekubadilishia nini na kinakula umeme kiasi gani, maana hapo kwenye umeme ndo watu wengi wanaogopa.

Naanza mimi, niko Dar. Kwangu ni jiko la presha la umeme. Siku linaingia ndani nyumba nzima ilisema LUKU (umeme wa kulipia kabla) itakwisha, mama mkwe ndo alikuwa mkali kuliko wote, nikaona isiwe ubishi, nikawa nasoma mita kabla ya kuwasha na baada ya kuzima. Nusu kilo ya maharage yaliyolowekwa haikumaliza hata nusu uniti. Jiko limeandikwa wati 1000 kweli, ila halivuti wati hizo muda wote, presha ikishapanda linajizima lenyewe, joto linabaki humo humo ndani kwa sababu limefungwa, halafu linakuwa linawaka kidogo kidogo tu kushikilia presha isishuke. Kwa sisi wa tarifu ya kawaida uniti moja pamoja na makato yake yote ni kama shilingi 350 na ushee, kwa hiyo sufuria ya maharage inanitoka kwa chini ya 200. Mkaa wa 200 huo utaivisha maharage ya saa mbili tatu? Na wale wa tarifu ya chini, wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, uniti ni shilingi 100 kabla ya makato, wao ndo wangefaidi kabisa na ndo hao hao wanaoliogopa.

Hela yenyewe si kubwa kwangu kama moshi. Mama yangu kapikia kuni na mkaa tangu msichana, na kifua chake mnakijua nyie wenye mama kama wangu. Nchi ina mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 mpaka 2034, lengo ni asilimia 80 ya Watanzania waachane na kuni na mkaa, na mimi nauunga mkono kwa moyo wote, ila mtaani kwetu ukisema nishati safi mtu anawaza mtungi wa gesi tu, umeme hata hautajwi. Ndo maana nimeleta uzi huu. Karibuni.

Mdau wa Njombe
Mkuu umenigusa. Nyie wa Dar maharage yenu yanaiva haraka, huku tuko juu karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 93 hivi hayafiki 100, kwa hiyo unaweza kuchochea moto mpaka kuni ziishe na maharage bado magumu. Kwenye presha maji yanapita nyuzi 110 bila kujali uko mlimani au pwani. Makande yalikuwa kazi ya kutwa, siku hizi nawasha nikitoka kanisani na tunakula mchana. Siwezi kurudi nyuma, kwa kweli.

Mdau wa Goba
Mimi ni simtanki na pampu. Mtu ambaye hajawahi kuamka usiku wa manane kukinga maji yanayotoka kwa mgao hawezi kunielewa, unalala sikio moja liko bombani. Sasa hivi maji yakija tanki linajaa lenyewe, lina boya la kufunga, mimi nimelala na watoto wanaoga asubuhi kama kawaida. Ushauri kwa anayetaka kuweka, usibanie hela ya mnara. Lita moja ni kilo moja, tanki la lita 1000 likijaa umeweka tani nzima juu ya kichwa cha mtu. Tafuta fundi anayejua nondo na msingi, na chini ya tanki paweke bapa, likae sawa lote, lisining'inie pembeni. Na chukua tanki la rangi nzito lisilopitisha mwanga, mwanga ukiingia maji yanaota ukijani.

Mdau wa Mombasa
Salaam aleikum. Huku kwetu ni friji, na hasa mwezi wa Ramadhani. Nazi tunakuna nyingi kwa pamoja, tui tunalifunga kwenye vifuko tunaligandisha, samosa na kachori zafungwa mapema, ikifika alasiri mama yuko na nafasi ya kusoma Qur'ani badala ya kukalia mbuzi na jua lote lile. Mama yangu hakuipata raha hiyo. Ila nunueni ile gadi ya friji jamani, si ya urembo. Stima ikipotea ikarudi papo hapo compressor hujaribu kuanza na gesi ndani bado ina presha, yaumia. Gadi huzuia dakika chache presha ishuke ndipo yawasha, na pia voltiji ikiruka yakata. Ni bei ndogo ukilinganisha na friji jipya.

Mdau wa Muscat
AC. Joto la huku likipita 40, usiku hamna usingizi. Sina maelezo zaidi ya hapo.

Mdau wa Kigoma vijijini
Nyie mmefika mbali. Kwetu ni taa. Tulivutiwa umeme wa REA, ule wa mradi wa vijijini, kwa shilingi 27,000, kabla ya hapo ni kibatari na baadae kisola kidogo. Wanangu wanasoma usiku bila kukohoa, asubuhi wakipenga kamasi si nyeusi tena. Jiko la presha nalitamani sana, nilidhani ni la matajiri, sasa kama ni nusu uniti na mimi niko tarifu ya chini nitaanza kudunduliza. Naomba kuuliza, je umeme ukikatika katikati ya mapishi chakula kinaharibika? Na spea zake zinapatikana?

Mwanzisha uzi
Ndugu yangu wa Kigoma asante sana kwa swali. Ukikatika usifungue mfuniko, liache hivyo hivyo, joto linaendelea kuivisha kwa muda mrefu tu, maharage yakiwa yameshapanda presha mara nyingi unakuta yameiva au yamebaki kidogo. Kinachochoka ni ule mpira wa mfuniko, ukianza kuvujisha mvuke badilisha, ukinunua jiko chukua na wa akiba hapo hapo. Valvu ya juu itoe uioshe kila ukimaliza kupika maharage, maganda huwa yanaingia pale yanaziba. Usijaze zaidi ya nusu kwa maharage, yanavimba na yanatoa povu. Na waya uchomeke moja kwa moja ukutani kwenye soketi nzima, usitumie ekstensheni nyembamba, zile zinapata moto. Ukishalipata rudi hapa utuambie mita yako imesomaje.