Sponji ya njano inanywea wiki ya tisa: ni hewa au njaa?

dema_fumba

Assalaam alaykum wataalamu. Tangi la kioo lita 240, halina tangi la chini. Skima (mashine ya kutoa uchafu wa maji kwa povu) ya kuning'iniza nyuma inafanya kazi saa 24. Mkaa wa kuchujia gramu 150 nabadilisha kila wiki tatu, na kuna kifuko cha chembe za chuma za kunyonya fosfeti. Maji nachota baharini Fumba, nayaweka kwenye pipa gizani wiki tatu yatulie, ndipo nabadilisha lita 25 kila Ijumaa. Joto 27 mpaka 28, chumvi 35 kwa elfu, naitreti 1, fosfeti haisomeki. Samaki watano wadogo, mmoja kitatange mchanga wa sentimita 6.

Sponji, wale viumbe hai wa baharini, ziko mbili. Ya njano ina matawi, ilipanda na dema la mvuvi, kwa hiyo hewa iliipata. Ya kijivu ni bapa kama sikio. Zote ziko juu ya jiwe, sentimita 20 chini ya taa. Ya njano imepungua kama robo, ncha mbili zina utando mweupe na matundu makubwa ya juu yamefumba. Ya kijivu haijabadilika hata kidogo. Watu wanasema sponji ikishaonja hewa basi tena. Ndio hivyo, au kuna jambo jengine?

ngamba

Waalaykum salaam. Hewa ingeshaimaliza zamani. Povu likinasa kwenye vijia vya ndani, maji hayapiti tena na nyama ya sehemu ile inakosa oksijeni. Inakufa na kuoza siku za mwanzo, mara nyingi kabla ya wiki mbili kwisha, na unaijua kwa harufu ya yai viza. Yako imekaa wiki tisa na inapungua pole pole. Hiyo ni njaa. Sponji yenye njaa inajila yenyewe, inaweza kukaa miezi mitatu hata sita ikionekana nzima kumbe inakwisha.

Na tangi lako limepangwa hasa kuilaza njaa. Chakula chake ni bakteria, mwani wa ukubwa wa maikroni chache (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), na uchafu wa viumbe uliokwisha kuyeyuka majini. Skima inatoa hivyo, mkaa unamalizia uliobaki. Halafu maji ya bahari, ambayo yalikuja na chakula ndani yake, unayafungia gizani wiki tatu mpaka vijidudu karibu vyote vimekufa na kuzama chini ya pipa. Unabadilisha maji kwa maji matupu.

Ya kijivu haijabadilika kwa sababu moja: kwa maelezo yako inafanana na jamii ya Carteriospongia, ambazo zina bakteria wa kijani wanaotumia mwanga na kumlisha mwenyeji wao. Hiyo iache pale pale chini ya taa. Ya njano iondoe huko juu leo. Mwanga hauifai kitu, unaiotesha mwani tu juu ya ngozi, na mwani ukiziba vitundu vidogo ndiyo mwisho wake. Ipeleke chini ya ukingo wa jiwe, penye kivuli na mkondo wa wastani unaopita ubavuni. Usielekeze pampu moja kwa moja usoni, wala usiweke pembe ambako taka zinatua.

Tazama pia skima ya kuning'iniza inavyorudisha maji. Nyingi zinatema mapovu madogo madogo tangini. Hewa unayoiogopa huenda inaingia kila saa kwa mlango huo. Funga kipande cha godoro la sponji kwenye mdomo wa kutokea, kioshe kila siku mbili.

bi_mwani

Kabla ya kulisha, toa kwanza kilichooza, mwanangu. Utando mweupe hauponi, unatembea. Zima pampu, tumia wembe mpya, kata sponji ikiwa imo ndani ya maji, uingie sentimita moja kwenye nyama nzima yenye rangi yake. Ukiona kijivu ndani ya mkato bado hujafika, kata tena. Mabaki yavute kwa mpira mwembamba yatoke nje, usiyaache yaelee. Vaa glavu, maana zipo sponji zinazowasha wiki nzima.

Kipande kilichobaki kizima cha sentimita 5 au zaidi kifunge juu ya jiwe dogo kwa mshipi mwembamba, mizunguko miwili, usikaze ukaikata. Mkato unajifunga kwa siku kadhaa, kushika jiwe ni wiki mbili mpaka nne, hapo ndipo unatoa mshipi. Wakulima wa sponji wa Jambiani nao wanazalisha kwa vipande vivyo hivyo, vinavyotungwa kwenye kamba ndani ya maji, na kazi yao kubwa baada ya hapo ni kusugua mwani usiote. Nawe fanya hivyo: brashi laini, mara moja kwa wiki, bila kuitoa majini.

Na huyo kitatange ana siku zake. Akiwa mdogo anadonoa donoa, akikua sponji ni riziki yake. Ukikuta vijishimo vya mviringo kwenye matawi, ujue ni yeye.

mkondo_wete

Ngamba kasema kweli kwenye njaa, ila maji mabichi nina neno nayo. Ukimwaga maji ya bahari ya siku ile ile kwenye tangi lenye samaki, unaweza kuingiza ugonjwa wa vidoa vyeupe, Cryptocaryon. Chujio la kitambaa linapunguza, halizuii. Tangi lisilo na samaki, sawa, tumia mabichi: chota maji yakikaribia kujaa, mbali na bandari na mifereji, na mvua kubwa ikinyesha ngoja siku tatu. Lenye samaki, otesha chakula mwenyewe.

Nannochloropsis, mwani mdogo wa majini, inafaa, chembe yake ni maikroni 2 hadi 4. Chupa ya plastiki ya lita mbili, maji ya chumvi 20 hadi 25 kwa elfu yaliyochemshwa na kupoa, mbegu (maji yenye mwani huo hai) ya mililita 300, mpira wa hewa usio na jiwe la mapovu mwishoni, taa saa 16. Mbolea ya f/2, ya kuoteshea mwani: kwa lita moja, miligramu 75 za sodiamu naitreti na 5 za sodiamu fosfeti, pamoja na madini na vitamini zake. Mbolea ya shamba usitumie, ina amonia na huenda ina shaba, na shaba inaua sponji. Baada ya siku 7 mpaka 10 rangi inakolea huoni kidole upande wa pili. Vuna nusu, jaza tena. Ikigeuka njano au kunuka, mwaga yote uanze na mbegu ya akiba.

Kwa lita 240 anza mililita 20 kila usiku, zima skima kwa muda wa saa tano. Wiki ya pili panda mpaka 50. Mkaa toa kabisa, urudishe siku mbili tu ukiona maji yana manjano. Skima usiitupe, yakhe, maana sponji kubwa ikifa usiku ndiyo itakayookoa samaki. Lenga naitreti 5 hadi 10, fosfeti 0.05 hadi 0.1. Hamira usitie, inachafua maji bure.

Kile kifuko cha chembe za chuma nacho kitoe. Kinanyonya fosfeti na silika pamoja, na sponji nyingi zinajenga vijisindano vyao kwa silika. Kujua yako ni ya aina gani, chukua kile kipande kilichooza, ukubwa wa punje ya choroko, kiloweke kwenye jik usiku kucha. Kikiyeyuka chote, mifupa yake ni nyuzi tu, kama sponji za kuogea, silika si shida yako. Yakibaki mavumbi meupe, mwaga jik, suuza kwa maji mara kadhaa, ndipo utie siki: yakitoa povu ni chokaa, yakikaa kimya ni silika.

dema_fumba

Shukran sana. Mbili za mwisho: umeme ukikatika saa nne tano nifanyeje? Na nikitaka kipande kingine, nitolee wapi?

ngamba

Mkondo ukisimama, sponji nayo ikaacha kupiga maji, ndani yake oksijeni inakwisha kwa dakika, si saa. Pampu moja ndogo ya mkondo ya volti 12 kwenye betri ya pikipiki inatosha. Ukitumia pampu ya hewa, jiwe lake liwe pembe ya mbali, mapovu yasipite chini ya sponji.

Kipande, muulize kwanza afisa uvuvi na kamati ya wavuvi wa kijiji. Kisiwa cha Chumbe ni hifadhi, hakuguswi kitu, na Fumba yenyewe iko ndani ya hifadhi ya Ghuba ya Menai. Ukiruhusiwa, kata theluthi, uache shina kwenye jiwe liote tena. Kifungie ndani ya ndoo ya mfuniko huko huko chini ya maji, bila nafasi ya hewa, ndoo uifunike kitambaa kibichi, na ufike nyumbani ndani ya saa moja. Ndoo izamishe ndani ya tangi ndipo ufungue.

bi_mwani

Na ndoo iwe mpya, isiyowahi kutiwa sabuni.