Tupeane uzoefu: Umewahi kuvuta au kugusa kitu chenye sumu nyumbani ukiwa mjamzito?

Mwanzisha mada
Wenzangu, nina ujauzito wa wiki 11. Juzi asubuhi nilikuwa nikisugua choo, na nilipoona madoa hayatoki kwa dawa ya chooni yenye asidi, nikamimina juu yake dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe. Papo hapo harufu kali ikanipanda puani, macho yakawasha na koo likakaba, nikatoka mbio nikikohoa, brashi nikaiacha humo humo. Kikohozi kiliisha jana, lakini usingizi umenipaa. Nawaomba mliopatwa na jambo la namna hii mnieleze lilikuwa nini, mlichukua hatua gani na mambo yaliishaje.

Mama wa Wawili
Pole sana, dada. Nilichanganya dawa hizo hizo nikiwa na wiki 9. Asidi ikikutana na dawa ya klorini hutoa gesi ya klorini, na kwa kuwa inachoma mara moja, mtu kwa kawaida hukimbia kabla hajavuta nyingi. Nilizitia chupa zote mbili mfukoni nikaenda nazo kliniki, na muuguzi alisoma lebo kabla hata ya kunitazama usoni. Aliniuliza nilikaa humo dakika ngapi, dirisha lilikuwa wazi au la, na kama nilihema kwa shida. Kisha akanisikiliza kifua na kunibana kidole kwa kile kifaa cha kupima oksijeni. Alinieleza kwamba gesi hiyo hudhuru zaidi macho na njia ya hewa ya mama, na kinachohofiwa kwa mtoto ni mama kukosa oksijeni, jambo ambalo halikuwa limenipata. Mtoto mwenyewe sasa ana miaka 4.

Jiko Nje
Kisa changu kilikuwa kibaya zaidi, na hakikuwa na harufu hata kidogo. Nikiwa na miezi 7, usiku wa baridi, tuliingiza chumbani jiko la mkaa uliokwisha kukolea, tukiamini kwamba pasipo moshi hapana hatari, tukafunga madirisha. Niliamka na kichwa kinachogonga na kichefuchefu, nikadhani ni mimba tu, mpaka mume wangu naye alipolalamika kichwa na kichefuchefu. Yeye, nadhani mtakubali, hakuwa mjamzito. Ilikuwa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo hushikana na himoglobini (protini ya damu inayobeba oksijeni) kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Hospitalini sote tuliwekewa oksijeni, lakini mimi niliachwa nayo kwa muda mrefu zaidi hata baada ya kichwa kutulia, kwa sababu damu ya mtoto tumboni huchelewa kuiachia gesi hiyo, na mama anaweza kujisikia mzima ilhali mtoto bado. Walifuatilia mapigo ya moyo wake mpaka waliporidhika. Alizaliwa salama, lakini nasisitiza: kwa gesi hii usingoje kesho.

Msasa
Mimi nilikwangua kwa msasa rangi ya zamani kwenye fremu za madirisha, bila barakoa, nikiandaa chumba cha mtoto. Baadaye mkunga aliponiuliza kuhusu umri wa nyumba ndipo nilipojua kwamba rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi, ambayo hupita kwenye kondo hadi kwa mtoto. Nilipimwa damu, kiwango kikawa kimepanda kidogo, nikaamriwa nikae mbali na chumba kile huku wengine wakikipangusa kwa vitambaa vyenye maji, kwa maana kufagia kungelitimua vumbi upya. Kipimo cha pili kilikuwa kimeshuka.

Mwenye Paka
Kwa wenye paka: vijidudu vya toksoplasma kwenye kinyesi chake, vinavyoweza kumdhuru mtoto tumboni, huchukua siku 1 hadi 5 kabla ya kuweza kuambukiza, kwa hiyo trei anamojisaidia isafishwe kila siku, na mtu mwingine asiye mjamzito.

Mwanzisha mada
Nimerejea kutoka kliniki. Nilikuwa nachelewa kwa kuogopa kuulizwa kwa nini sikusoma lebo, na hakuna aliyeniuliza. Mapafu yako safi, oksijeni ni asilimia 98, na nimeambiwa nirudi mara moja nikibanwa kifua. Dawa ya klorini nimeihamishia kwenye kabati la kufulia. Brashi ameitoa mume wangu, baada ya kumsimulia jana usiku kwa nini iko sakafuni tangu juzi.