Nani aliua kiwanda cha Shiprock?

Wadau, nauleta mjadala huu kwa sababu kila inaposimuliwa historia ya Fairchild Semiconductor, kampuni ya Marekani ya vifaa vya elektroniki, tunaambiwa habari za wale wataalamu wanane waliomtoroka bosi wao William Shockley mwaka 1957 wakaianzisha, kina Robert Noyce na Gordon Moore, kisha tunarushwa hadi 1968, wawili hao walipoondoka kuanzisha Intel. Shiprock haitajwi. Ikitajwa ni sentensi moja: wanaharakati wenye bunduki walivamia, kampuni ikafunga. Hapo ndipo ninapobisha.

Mwaka 1965 Fairchild ilianza kuunganisha transista, yaani vifaa vidogo vya kudhibiti umeme, na baadaye chipu, ambazo hubeba transista nyingi katika kipande kimoja, pale Shiprock, New Mexico, katika ardhi ya Wanavajo, wenyeji wa asili wa Marekani. Wafanyakazi walizidi elfu moja, wengi wao wanawake wa Kinavajo. Mama anainamia hadubini kutwa, anashikiza uzi mwembamba kuliko unywele kwenye kipande cha silikoni kinachokaa juu ya kucha. Mkono ukitikisika, kipande kimeharibika.

Mwaka 1969 kampuni ikatoa kijitabu kilichofananisha michoro ya mazulia wanayofuma Wanavajo na michoro ya chipu, kana kwamba vidole vyao vilizaliwa na kazi hiyo. Wengine mtaona ni heshima. Mimi inaniuma. Aliyesuka ukili anajua mkono haukuzaliwa hivyo, umefundishwa miaka na miaka. Ujuzi ukishaitwa kipaji cha damu, nani atakumbuka kuulipa?

JIBU

Ndugu mleta mada, nakuelewa, ila tuseme ukweli. Februari 1975 watu wa American Indian Movement, kundi la kutetea haki za wenyeji wa asili wa Marekani, walikikalia kiwanda kwa silaha takribani wiki nzima. Tajiri gani atarudisha mashine zake hapo? Kabla ya Fairchild, ajira za mshahara eneo lile zilikuwa za kutafuta kwa tochi. Mamia ya familia zilikosa riziki kwa mkono wa waliojiita watetezi wao. Kijitabu hakikumnyima mtu chakula.

MLETA MADA

Bunduki sizitetei, na uchungu wa familia zile naukubali wote. Lakini usianzie hadithi katikati. Kabla ya uvamizi, wafanyakazi 140 walikuwa wameshapunguzwa, na ndicho wavamizi walichokuwa wanadai: warudishwe kazini. Na Fairchild ilikuwa na kiwanda Hong Kong tangu 1963, miaka miwili kabla hata ya kufika Shiprock, ikifuata ujira mdogo. Kwa Wanavajo, fedha za serikali ya Marekani zilichangia gharama za mafunzo. Yaani njia ya kwenda Asia ilikuwa imeshachongwa. Uvamizi uliipa kampuni sababu ya kuitangazia dunia.

Sasa nijibu hili moja, ndugu yangu. Yule mama aliyeacha macho yake kwenye hadubini, akapewa barua ya kupunguzwa mapema 1975, ulitaka akagonge mlango upi?