Kidonda cha tumbo: kupasuliwa ao dawa?

Mtoto wa Kadutu: Bandugu, baba mudogo balimupasua miaka ya 80, bakakata kipande cha tumbo juu ya kidonda. Mpaka leo akikula bugali mingi jasho inamutoka na moyo unapiga mbio. Sasa shemeji iko na kidonda kile kile, munganga anamupatia dawa za siku 14 anamurudisha nyumbani. Hii ni matunzo ao bapasuaji bamekwisha Bukavu?

Mama wa Birere: Mikrobu njo inaletaka kidonda mara mingi, mwanangu! Bale ba Australia, Marshall na Warren, njo balionesha. Marshall mwenyewe akakunywa supu ya hizo mikrobu mu 1984, akapata gastriti, ni kusema tumbo likavimba ndani, mu 2005 bakabapa zawadi ya Nobel. Ni omeprazoli ya kupunguza asidi ya tumbo na antibiotiki mbili za kuua mikrobu, basi. Hata nyie ba Bukavu na kasiksi yenu, ile pombe ya ndizi, mutapona.

Mtoto wa Kadutu: Kasiksi imeingilia wapi? Baba mudogo iko pasta, hajaonja hata siku moja!

Pilipili Moto: Nyie ba Goma kule Birere munakula pilipili kama mboga halafu munatuhubiria kasiksi 😂

Mama wa Birere: Pilipili inachoma kidonda, haikilete. Uliza Marshall.

Pilipili Moto: Marshall alikula pilipili ya Goma?

Mulala Macho: Mi nimefanya miaka 11 mu bloki, chumba cha kupasulia. Kisu hakijakufa jamani, kinangojea saa nane ya usiku, mutu analetwa amejikunja, unagusa tumbo, gumu kama ubao, ujue kidonda kimetoboka. Lakini hatukate tena kipande, tunashona kitundu, tunafunika na yale mafuta ya ndani ya tumbo, tunasafisha, tunafunga. Asubuhi ukiuliza, "nilikuwa namezaka diklofenaki, ile dawa ya maumivu, juu ya mugongo." Ni hiyo diklo njo imetoboa tumbo, hapana kasiksi, hapana pilipili.

Pilipili Moto: Diklo iko na kosa gani? Mama yangu anaimeza kila siku juu ya magoti na hana kitu, usituogopeshe.

Mtoto wa Kadutu: Na mi sikuuliza diklo. Nauliza, baba mudogo balimukata bule?

Mulala Macho: Si bule mukubwa. Balikuwa banapunguza asidi, mikrobu ilikuwa haijajulikana bien. Ila shemeji amalize siku 14, asiache siku ya 5 juu tumbo limetulia.

Pilipili Moto: Mama wa Birere amekimbia.

Mama wa Birere: Sijakimbia, niko napika. Na pilipili naweka.