Mnawalaumu ndugu wa wagonjwa, kumbe bakuli la pamba na glovu zenu ndivyo vinavyosambaza vijidudu wodini

Wakuu, salaam. Leo sipindishi maneno.

Kila kidonda cha upasuaji kikianza kutoa usaha, wimbo ni uleule: ndugu wamejazana, mama mkwe kaja na kanga chafu, mgonjwa haogi. Jamani, ndugu wa kitanda cha 4 hana shughuli na kitanda cha 9. Anayevigusa vitanda vyote viwili ndani ya dakika tano ni mtumishi, tena akiwa na glovu zilezile mkononi.

Glovu inamlinda aliyeivaa. Ukitoka nayo kwa mgonjwa mmoja kwenda kwa mwingine, imeshakuwa mkono mchafu kama mkono mwingine wowote. Kuna wajanja wanaozipaka kitakasa mikono halafu wanaendelea na raundi. Spiriti inachosha mpira na vitundu vinaongezeka, na bado uchafu haujaondoka. Utaratibu unajulikana: vua, takasa mikono, vaa nyingine. Mikono inatakaswa hata baada ya kuvua, maana wakati wa kuvua ndipo wengi wanapojipaka. Na kupima presha kwa mgonjwa ambaye ngozi yake ni nzima hakuhitaji glovu hata kidogo. Mnazimaliza huko, halafu ikifika zamu ya kubadilisha bandeji mnasema zimeisha!

Sasa njooni kwenye troli. Pale juu kuna bakuli la chuma lenye pamba zilizolowekwa spiriti tangu asubuhi. Vidole viwili vinazama, vinatoa pamba, vinafuta mkono wa mgonjwa, vinarudi kuchukua nyingine. Hadi saa sita mchana spiriti imepungua kwa kuruka hewani, na kilichobaki ni majimaji, pamba na kila kilicholetwa na vidole. Shirika la Afya Duniani lilishakataza pamba za kulowekwa na kuwekwa pamoja namna hii. Chukua pamba kavu, mimina spiriti ya asilimia 70 wakati huohuo, futa kuanzia katikati kwenda nje kwa sekunde 30, kisha subiri sekunde 30 nyingine ikauke. Ikishakauka usirudi kupapasa mshipa kwa kidole. Kama lazima upapase, futa upya.

Klorini ndiyo inayonipandisha presha zaidi. Watu wanamimina Jik kwenye ndoo "mpaka inukie". Harufu si kipimo! Chupa ikiandikwa asilimia 3.5, ili upate asilimia 0.5 unaweka kopo moja la Jik kwa makopo sita ya maji. Ikiwa ni asilimia 5, kopo moja kwa tisa. Unga wa klorini wa asilimia 70 ni gramu 7 kwa kila lita ya maji. Mchanganyo unatengenezwa kila siku, unafunikwa, na hauanikwi juani kwa sababu mwanga na joto vinaumaliza nguvu. Damu na uchafu navyo vinaumaliza, kwa hiyo ukiumwaga juu ya godoro lenye damu bila kuliosha kwanza kwa sabuni, umepoteza Jik tu. Ukishapaka, sehemu ikae na majimaji dakika 10. Mnapaka na kukausha papo hapo kwa kitambaa kilekile kilichofuta vitanda sita.

Na hilo godoro lenyewe, kama rexine, yaani gamba lake la plastiki, imechanika, hakuna dawa itakayoingia kwenye sponji ikatoka na mkojo wa wiki mbili. Litolewe.

Dekio la chooni linaingia wodini, na maji ya ndoo yameshakuwa na rangi ya chai ya maziwa. Unaanza kudeki sehemu safi ukielekea chafu, chooni unamalizia, tena kwa dekio lake. Baadaye dekio linafuliwa na kuanikwa likauke, si kuachwa limelala ndani ya ndoo usiku kucha.

Mfuko wa mkojo uwe chini ya usawa wa kibofu lakini usiguse sakafu, na kila mgonjwa awe na jagi lake la kumwagia. Jagi moja likizunguka wodi nzima, tusishangae wote wana homa.

Chupa ya maji ya oksijeni nayo inajazwa maji ya bomba, na yakipungua yanaongezwa juu ya yale ya jana. Mnamvutisha mgonjwa wa mapafu hewa iliyopita kwenye maji yaliyolala. Maji yawe tasa, yaani yasiyo na vijidudu, yabadilishwe yote. Na kwa mtu mzima anayepata oksijeni kidogo puani, chini ya lita 4 kwa dakika, kwa kawaida chupa hiyo haihitajiki.

Najua jibu linalokuja: bajeti. Haya, famasia ya hospitali inaweza kutengeneza lita 10 za kitakasa mikono kwa ethanoli ya asilimia 96 mililita 8,333, haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 mililita 417, gliserini mililita 145, na maji yaliyochemshwa yakapoa kujazia hadi lita 10. Inakaa saa 72 kabla ya kutumika. Wafamasia mpo humu, mnajua kuwa hakuna miujiza hapo.

Mainchaji, yaani wasimamizi wa wodi, nijibuni moja tu: wodini kwenu nani anapima klorini asubuhi, na anapimia kopo gani?